Kijifereji, prizimu na lenzi kwenye kifaa cha nyumbani: je, muunganiko wa vitu vinavyojulikana hupewa hataza?

ToneMoja

Habari zenu wanajukwaa. Kwa muda sasa nimekuwa nikitengeneza kifaa kidogo cha kupimia ugumu wa maji nyumbani, na nimefika mahali ambapo nahitaji mawazo ya watu wanaozifahamu hataza (haki za kisheria anazopewa mvumbuzi) kuliko mimi.

Kifaa chenyewe ni kipande cha akriliki angavu kinachotoshana na kidole gumba. Ndani yake kuna kijifereji kimoja chenye upana wa milimita 1, kina cha milimita 0.2 na urefu wa milimita 20. Ukigusisha mdomo wake kwenye maji, maji yanapanda yenyewe kwa nguvu ya kapilari, bila pampu wala betri, na kwa kuwa kijifereji chote hubeba mikrolita 4 tu, tone moja la kawaida linatosha na kusaza. Karibu na mdomo nimekausha kitendanishi: rangi ya Eriochrome Black T, kiasi kilichopimwa cha EDTA (kemikali inayofunga madini), na chumvi za kushikilia pH karibu na 10. Maji yakiwa na kalsiamu na magnesiamu kuliko EDTA inavyoweza kuzifunga, rangi hubaki nyekundu kama divai. Yakiwa na kiasi kidogo, hugeuka buluu.

Mwisho wa kijifereji nimechonga safu ya prizimu ndogo za nyuzi 45. Kijifereji kikiwa kitupu, sehemu hiyo hung'aa kama fedha; maji yakifika, mng'ao unazimika mara moja, na mtumiaji anajua kwamba kimejaa na anaweza kuanza kuhesabu muda. Juu ya hayo yote nimeweka lenzi ya nusu silinda ya kukuza kijifereji ili rangi isomeke kwa macho.

Nina maswali matatu. Kwanza, kapilari inajulikana, prizimu inajulikana na lenzi inajulikana. Je, kuviunganisha kunatosha kupewa hataza? Pili, nimepitia hataza kadhaa na nimekuta michoro inayofanana sana na kifaa changu, hadi nimekaribia kuacha, je, niache? Tatu, nataka kuweka video mtandaoni ili watu wanipe maoni kabla sijapeleka ombi. Je, kuna ubaya?

Kuna pia tatizo la kiufundi ambalo linanisumbua usiku na mchana. Rangi inatoka hafifu mno hata kwa maji ambayo najua ni magumu, na ile kidogo inayoonekana hurundikana mwishoni mwa kijifereji badala ya kuenea.

---

MsomaMadai

Ndugu ToneMoja, nianze na swali la pili, kwa kuwa ndilo linalowakatisha tamaa wabunifu wengi bila sababu. Mimi mwenyewe niliwahi kuiweka kazi ya miezi minane kabatini kwa sababu ya mchoro mmoja niliouona kwenye hataza ya mtu mwingine, mchoro uliofanana na wangu kama pacha. Miaka miwili baadaye ndipo nilipojifunza kusoma madai, nikarudi kwenye hati ileile, na nikakuta kwamba kilichodaiwa mle ni aina fulani ya gundi iliyounganisha bamba mbili. Umbo lote nililoliogopa lilikuwa limechorwa kwa ajili ya maelezo tu.

Hataza hailindi mchoro wala wazo. Hulinda kile kilichoandikwa kwenye madai, sehemu yenye sentensi ndefu zilizopewa namba, ambayo katika hati nyingi huwekwa mwishoni. Chukua dai la kwanza, likate vipande vipande, kisha ulinganishe kila kipande na kifaa chako. Dai likisema "chenye kijifereji, vali inayofunguka kwa shinikizo la hewa, na chumba cha kuchanganyia", na kifaa chako hakina vali wala kitu kinachofanya kazi ya vali, basi dai hilo halikugusi, hata kama michoro inafanana kiasi gani. Michoro na maelezo yana uzito wake pengine: vinahesabika kama maarifa yaliyotangulia, yaani yaliyokwisha kujulikana, kwa hiyo vinaweza kukinyima kifaa chako sifa ya kuwa kipya. Hayo ni maswali mawili tofauti, na ni vema usiyachanganye: moja ni kama unaweza kupewa hataza, jingine ni kama unaweza kutengeneza na kuuza bila kuingilia hataza ya mwenzako. Mtu anaweza kuwa na hataza yake halali na bado akazuiwa kuuza.

Sasa swali la kwanza. Karibu kila uvumbuzi ni muunganiko wa vitu vinavyojulikana, hivyo kuunganisha si kosa. Lakini mkaguzi wa ofisi ya hataza ataruhusiwa kuchukua hati mbili au tatu na kuziweka pamoja, kisha ajiulize kama mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani hiyo angefika hapo bila kutoa jasho. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, ilisisitiza kwamba kuunganisha vitu vya zamani, kila kimoja kikiendelea na kazi yake ileile na matokeo yakiwa yaleyale yaliyotarajiwa, kwa kawaida hakutoshi. Wakaguzi wa Ulaya huuliza kwa njia nyingine: ni tatizo gani la kiufundi limetatuliwa, na je, ufumbuzi ulikuwa dhahiri?

Kwa kipimo hicho, prizimu yako peke yake haitakubeba. Boila za mvuke zimekuwa na vioo vya kupimia kina cha maji vyenye mifuo ya prizimu kwa miaka mingi: palipo na mvuke huonekana peupe kama fedha, palipo na maji huonekana peusi. Ni fizikia ileile unayoitumia, ila wewe umeipunguza ukubwa. Lenzi ya kukuza nayo ni ya zamani zaidi.

Nakuomba uitazame kalamu ya bolpeni, kwa sababu ni kifaa cha maikrofluidiki, yaani cha kuongoza vimiminika kwenye njia nyembamba sana, ambacho kila nyumba inacho bila kukiita hivyo. Mwaka 1888 John Loud alipata hataza Marekani ya kalamu yenye kitufe cha duara kinachozunguka ndani ya tundu, akilenga kuandika juu ya ngozi na sehemu nyingine zenye mikwaruzo. Wazo lilikuwa kamili, lakini kwenye karatasi kalamu haikufaa. Nusu karne baadaye, mwaka 1938, László Bíró alipeleka ombi lake Uingereza. Kitufe kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni wino: yeye na kaka yake György, aliyekuwa na ujuzi wa kemia, walitafuta wino mzito unaokauka haraka, usiovuja kwenye upenyo mwembamba kati ya kitufe na tundu lake, lakini unaoteleza pale kitufe kinapozunguka. Kitufe kilikuwa mali ya kila mtu tayari. Kikwazo kilichomshinda Loud ndicho kilichobaki wazi kwa mwingine.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na chako. Mwaka 1967 Margaret Crane, mbunifu wa michoro aliyeajiriwa na kampuni ya Organon, aliona kwenye maabara safu ya vijaribio, yaani mirija midogo ya maabara ya kupimia ujauzito, ikiwa imening'inizwa juu ya kioo cha kuakisi. Kemia haikuwa yake. Alichofanya ni kuchukua kikasha cha plastiki cha kuwekea vibanio vya karatasi, akakipangia kijaribio, bomba dogo la kuvutia na kudondoshea maji, na kioo chini, ili mtu aliye peke yake nyumbani aweze kuona kitako cha kijaribio bila kukigusa wala kukitikisa. Ombi lilipelekwa 1969, na hataza ya Marekani namba 3,579,306 ikatolewa 1971. (Haki zake alizisaini kwa mwajiri kwa dola 1, jambo ambalo hadi leo linaniuma kila nikilikumbuka.) Kioo kilikuwepo na kijaribio kilikuwepo. Yeye alitatua tatizo la mtu asiye mtaalamu kusoma jibu nyumbani.

Kwa hiyo ningependa kukuuliza: ni kikwazo gani ambacho wengine kinawashinda na wewe umekivuka? Jibu la swali hilo ndilo dai lako. Orodha ya sehemu za kifaa inakuja baadaye.

---

Mwangaza_45

Nitajibu upande wa kiufundi, kwa sababu nadhani kikwazo anachokiulizia MsomaMadai kimejificha kwenye aya yako ya mwisho, pale unapolalamikia rangi.

Rangi hafifu si kosa la kitendanishi. Kiasi cha mwanga kinachonyonywa na maji yenye rangi hulingana na urefu wa njia ambayo mwanga unapita ndani ya maji hayo. Maabarani kikombe cha kupimia huwa na njia ya milimita 10. Wewe unatazama kijifereji kutoka juu, kwa hiyo mwanga unapita kwenye kina cha milimita 0.2 tu, yaani mara 50 pungufu. Lenzi yako haiwezi kuokoa jambo hilo hata kidogo: inapanua upana wa kijifereji machoni, lakini haiongezi unene wa maji ambayo mwanga unayapita. Utapata picha kubwa ya rangi ileile hafifu. Nimewaona wengi wakikwama hapa, wakiongeza ukuzaji wiki baada ya wiki.

Njia ya maji unayo tayari, umeilaza tu. Kijifereji chako kina urefu wa milimita 20. Ukitazama kwa kufuata urefu wake badala ya kina chake, hata sehemu iliyonyooka ya milimita 6 tu itakupa rangi yenye nguvu mara 30. Hapo lenzi nayo inapata kazi ya kweli, kwa sababu dirisha utakalolitazama litakuwa na ukubwa wa milimita 1 kwa 0.2, na jicho halilioni vizuri bila msaada.

Kuna mitego miwili ambayo lazima uitarajie. Wa kwanza ni kwamba maji hayashiki mwanga ndani ya akriliki. Fahirisi ya upindaji mwanga ya maji ni takriban 1.33 na ya akriliki ni 1.49, kwa hiyo mwanga unaopiga ukuta kwa mshazari hupenya na kutokomea kwenye plastiki, halafu mwanga mwingine ambao haukugusa maji hata kidogo husafiri ndani ya plastiki na kufika dirishani, ukaiosha rangi yako ikapauka. Maabara zenye uwezo hutumia plastiki ya Teflon AF, ambayo fahirisi yake iko chini ya ile ya maji, lakini si nyenzo ya kifaa cha bei ya chini. Plastiki nyeusi kwenye kuta, ikiachwa miisho tu kuwa angavu, hukufikisha karibu na hapo.

Mtego wa pili uko kwenye prizimu zenyewe. Uso wa nyuzi 45 huakisi mwanga wote pale tu upande wa pili pakiwa na hewa, kwa kuwa pembe ya kikomo (ile ambayo ikizidi, mwanga wote huakisiwa) kati ya akriliki na hewa ni takriban nyuzi 42. Pakiwa na maji, pembe hiyo hupanda hadi nyuzi 63 hivi, na mwanga unapita moja kwa moja. Ndiyo sababu mng'ao wako unazimika kijifereji kinapojaa. Lakini uso haujui kama maji yametoka ndani au nje. Ukiweka prizimu nyingine upande wa nje ili kukunja mwanga uelekee jichoni, kisha mtumiaji akaishika kwa kidole kibichi, na mtu anayepima maji atakuwa na vidole vibichi, uso huo utaacha kuakisi na dirisha litakuwa giza.

Kuhusu rangi kurundikana mwishoni: ndani ya kijifereji cha ukubwa huu maji hayachanganyiki kwa kuvurugika, yanateleza kwa tabaka, na kilichoyeyuka husambaa kwa mtawanyiko tu. Molekuli ndogo huhitaji takriban sekunde 20 kuvuka milimita 0.2, lakini kuvuka milimita 1 huhitaji dakika 8 hivi, na kusambaa urefu wote wa kijifereji ungesubiri siku mbili. Kitendanishi chako kimekaushwa mdomoni, kwa hiyo maji ya mbele hukikomba na kukibeba hadi mwisho, na maji ya nyuma hupita bila kukutana na chochote. Kipake kwa utando sawa kwenye sakafu yote ya sehemu itakayosomwa. Sekunde 20 hizo zitatosha.

---

MlinziWaTarehe

Naomba nikatize mazungumzo, kwa sababu swali la tatu limesahaulika na ndilo lenye madhara yasiyorudi nyuma.

Ndugu ToneMoja, usiweke video. Na kwa masikitiko nakuambia kwamba ulichoandika kwenye swali lako kimekwisha kufichuliwa. Jukwaa hili liko wazi, mtu yeyote anaweza kulisoma, na maelezo yako yana vipimo, nyenzo, kitendanishi na namna ya kufanya kazi. Chini ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya, jambo lililowekwa hadharani kabla ya siku ya kuwasilisha ombi huhesabika kuwa maarifa yaliyotangulia, hata kama mwandishi wake ni mvumbuzi mwenyewe. Ahueni ya miezi 6 iliyopo ni kwa hali finyu kama vile mtu kukuibia siri. Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 tangu alipofichua mwenyewe. Nchi zinatofautiana, na usijenge mpango wako juu ya nchi yenye huruma kuliko zote.

Hali kadhalika, aliyoyaandika Mwangaza_45 hapo juu nayo sasa yako hadharani. Kutazama kwa kufuata urefu, kuta nyeusi, kupaka kitendanishi sawa: huwezi tena kudai hayo kana kwamba ni mapya. Ukivuka kikwazo chochote kuanzia sasa, tafadhali usikieleze hapa.

---

ToneMoja

Nimesoma majibu yenu mara tatu. La MlinziWaTarehe limenikosesha usingizi, lakini ni afadhali nimelisikia leo kuliko baada ya video.

Nimejaribu aliyoyasema Mwangaza_45, na kwa kuwa tayari yamo humu nadhani naruhusiwa kuyasimulia. Nilikata kijifereji kwenye plastiki nyeusi, nikaacha dirisha angavu kila upande, nikapaka kitendanishi kwenye sakafu ya milimita 6 za mwisho, nikakielekeza kwenye mwanga wa dirisha la nyumba. Maji yaleyale ambayo awali yalinipa wekundu wa kubahatisha yalitoa wekundu wa zabibu iliyoiva, sawasawa kona hadi kona, kabla sijamaliza kuhesabu hadi thelathini. Nilikaa nikilitazama lile dirisha dogo hadi maji yakakauka.

Kisha nikaongeza prizimu ya nje ya kukunja mwanga, nikaishika kwa kidole kibichi kwa makusudi, na kweli dirisha likawa giza totoro. Nilikausha, likawaka tena. Kwa siku nne sasa nimekuwa nikihangaika na jambo hilo moja, na juzi usiku nimepata namna ya kulizuia ambayo pia inaondoa kiputo cha hewa kilichokuwa kikibaki kwenye kona. Sitaieleza. Naomba tu kujua: je, bado nina kitu cha kudai, ikiwa kifaa kizima kimekwisha kuanikwa?

---

MsomaMadai

Unacho, na pengine ni bora kuliko ulichokuja nacho. Yaliyofichuliwa ni yale yaliyoandikwa. Namna yako ya kuzuia maji ya nje haijaandikwa popote humu, na tayari una hadithi ambayo mkaguzi wa Ulaya ataielewa: kifaa kilichotangulia kinajulikana, tatizo lake linajulikana kwa kuwa Mwangaza_45 amelieleza waziwazi, na ufumbuzi haupo ndani yake. Ikiwa hatua moja inatatua matatizo mawili ambayo hakuna aliyeyahusisha, yaani kidole kibichi na kiputo, basi una hoja nzito dhidi ya neno "dhahiri". Andika jambo hilo kwenye maelezo yako, pamoja na majaribio ya kabla na baada.

Dai lako litaanza kwa kutaja kinachojulikana na kuishia kwenye kilicho chako. Naweka kiunzi chake, na mahali penye nukta ni pako peke yako:

"Kifaa cha kupimia kimiminika, chenye kijifereji kinachojazwa kwa nguvu ya kapilari, sehemu iliyonyooka ya kijifereji hicho iliyopakwa kitendanishi, dirisha la kutazamia kwa kufuata mhimili wa sehemu hiyo, na uso wa kuakisi uliowekwa kukunja mwanga kutoka kwenye dirisha hilo, ambapo uso huo wa kuakisi ……"

Chunga maneno. Usiandike "maji" pale "kimiminika" kinapotosha, wala "milimita 6", wala "nyuzi 45", wala "akriliki", isipokuwa kwenye madai tegemezi yanayofuata, yaani yale yanayolirejelea dai la kwanza na kulifinya. Kila neno unaloliongeza kwenye dai la kwanza ni mlango unaomwachia mshindani: atatengeneza kifaa cha nyuzi 47 na kukupita. Upande wa pili, dai pana kupita kiasi litakumbana na vile vioo vya boila.

Kabla ya kumwona wakala wa hataza, tafuta kwa kutumia vifungu vya uainishaji badala ya maneno matupu, kwa sababu kitu unachokiita kijifereji mwingine amekiita "njia ya kimiminika" na mwingine "upenyo". Kwenye Espacenet na PATENTSCOPE, ambazo ni hifadhidata za hataza za bure mtandaoni, anza na B01L 3/5027 kwa miundo ya maikrofluidiki, G01N 21 kwa upimaji kwa kutumia mwanga, G01N 33/18 kwa upimaji wa maji, na G02B kwa lenzi na prizimu. Kumbuka kwamba maombi mengi hubaki siri kwa miezi 18 kabla ya kuchapishwa, hivyo utafutaji wa leo hauwezi kukuonyesha yaliyopelekwa mwaka huu.

Ukishawasilisha ombi la kwanza, Mkataba wa Paris unakupa miezi 12 ya kupeleka maombi nchi nyingine kwa tarehe ileile ya mwanzo, na ukipitia mfumo wa PCT (Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza) kwa kawaida unapata hadi miezi 30 tangu tarehe hiyo kabla ya kulazimika kuingia nchi mojamoja. Kwa nchi zinazompa mvumbuzi muda wa ahueni baada ya kufichua mwenyewe, saa yako ilianza siku ulipoandika swali lako hapa, kwa hiyo chapisha ukurasa huu wote ukiwa na tarehe yake na umkabidhi wakala pamoja na daftari lako. Usimfiche.

---

Mwangaza_45

Nyongeza fupi. Niliyoyaandika mimi ni fizikia ya vitabuni na sitarajii jina langu kwenye ombi lako. Hata hivyo mwonyeshe wakala majibu yangu pia, ili yeye ndiye aamue nani ni mvumbuzi wa dai lipi, maana jina lililokosewa kwenye ombi linaweza kuja kuiangusha hataza miaka mingi baadaye. Na pale kwenye kiunzi cha MsomaMadai, ukifika "kukunja mwanga kutoka kwenye dirisha", jiulize kama kifaa chako kingefanya kazi pia iwapo mwanga ungeingilia upande wa jicho na kurudi njia ileile. Ikiwa ndiyo, andika "kutoka au kuelekea".